Barua ya wazi kwa wakuu wa afya: Bahasha ya baba yangu imeandikwa 1x3, basi

Kwenu Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mganga Mkuu wa Serikali, Waganga Wakuu wa Mikoa ya Mtwara na Lindi, pamoja na wakubwa wa Bohari ya Dawa na wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Salaam kutoka Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji ni ya kuhesabu, korosho ni za kuhesabu, na mimi mwenyewe nalipwa kwa kuhesabu.

Mbele yangu kuna bahasha ya dawa. Ni ile ndogo ya nailoni ambayo kila aliyewahi kupanga foleni dirishani anaijua. Juu yake pameandikwa kwa kalamu ya bluu: 1x3, yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Kuna na jina la dawa, lakini mwandiko wake wanausoma walioandika. Ndani mna vidonge vya baba yangu. Vikienda sawa, anafunga vifungo vya shati lake mwenyewe na kutembea hadi msikitini. Vikikosewa, anakuwa gogo.

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho. Msimu ukifunguliwa kazi yangu ni mizani na karatasi. Gunia haliingii ghalani bila stakabadhi: jina la mkulima, kilo, daraja la korosho. Mnunuzi wa mbali anajua unyevu wa korosho kabla hajaitia mkononi. Na ikifika miezi ya kupulizia, bwana shamba akija na salfa ya ubwiri unga hutukusanya chini ya mwembe na kutueleza mpaka tuchoke: funga pua na mdomo, upepo uwe mgongoni, ukimaliza oga, watoto wasisogee. Anasema kwa Kiswahili, na bibi asiyekielewa vizuri hutafsiriwa Kimakonde. Kwa hiyo mkorosho wa baba unapewa dawa kwa maelezo mengi kuliko baba mwenyewe. Hilo ndilo lililonifanya nikae niandike.

Ugonjwa wa mzee niliuona kwenye sahihi yake kabla sijauona mkononi. Alikuwa na sahihi ya shule za zamani, ndefu, yenye mkia unaozunguka na kurudi chini ya jina. Kila msimu alipokuja kuchukua malipo nikawa naona mkia unafupika. Mwaka uliofuata herufi zikaanza kusongamana. Ulipofika msimu wa tatu, jina lote lilikuwa dogo kama sisimizi watatu wamefuatana, na mtu wa benki akatuuliza kama kweli ni yeye aliyetia sahihi. Baadaye ndipo mkono wa kulia ukaanza kutetemeka akiwa ameketi tu, hafanyi kitu. Uso nao ukaganda. Watu wakawa wanasema mzee siku hizi kanuna, kumbe hakununa.

Jirani mmoja alisema ni uraka, pombe ya mabibo. Baba hajawahi kuonja uraka. Mabibo anayajua kwa kuyatafuna. Mwingine alisema amerogwa kwa sababu ya mpaka wa shamba. Na pale tulipompeleka kwanza, kituo ambacho sitakitaja, tuliambiwa ni uzee na mawazo, akapewa diazepamu ale usiku. Usiku wa nne aliamka kwenda chooni akiwa amelewa usingizi wa dawa, akaanguka mlangoni, akavunjika kifundo cha mkono. Hatukuambiwa kwamba dawa ile humlegeza mtu mzima miguu. Bahasha ilisema 1x1 usiku.

Aliyeugundua ni daktari kijana, na aliugundua kabla baba hajakaa. Alimtazama akiingia, akasema: "Mzee, shikamoo. Mbona mkono huu hauupungi ukitembea?" Akamwambia agonganishe kidole gumba na cha shahada harakaharaka, vikawa vinapungua kasi na kusita. Akatueleza kwa utulivu kwamba ndani ya ubongo kuna chembe zinazotengeneza kitu kiitwacho dopamini, kinachoutia mwili ulaini wa kwenda, na chembe hizo kwa baba zimekuwa zikifa kwa miaka. Ugonjwa unaitwa Parkinson, kwa jina la tabibu wa London, James Parkinson, aliyeuandika mwaka 1817. Hauponi, lakini una dawa: levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, ikiwa imechanganywa na kabidopa ili isiishie njiani kabla ya kufika kichwani.

Waheshimiwa, sijui kama mmewahi kumwona mtu akimeza kidonge hicho kwa mara za kwanza. Kwa baba, wiki ya pili alicheka. Uso wenyewe ndio uliocheka. Mama mdogo alitoka nje kulia.

Lakini dawa ile ilimtia kichefuchefu, jambo ambalo ni la kawaida sana siku za mwanzo na ambalo hatukuambiwa. Siku aliyotapika mara tatu tulimkimbiza kituo kilicho karibu, si kile cha kwanza. Walimpa dawa ya kuzuia kutapika, metoklopramidi. Hawakuuliza anatumia dawa gani nyingine. Nilionyesha bahasha, wakasoma 1x3. Kichefuchefu kilikoma. Siku ya tatu baba hakuweza kugeuka kitandani, mate yakawa yanamtoka, miguu imekaza kama mti. Nikampigia yule daktari, akaniuliza swali moja tu: "Amepewa nini cha kutapika?" Nilipomsomea jina alinyamaza kidogo. Dawa ile, alisema, hufika ubongoni na kuufunga mlango uleule ambao dopamini hupitia. Tulikuwa tunamlisha levodopa kwa mkono mmoja na kuifungia nje kwa mkono mwingine. Ipo nyingine ya kutapika, domperidoni, ambayo kwa kawaida haivuki kwenda ubongoni, nayo pia ina masharti yake kwa wenye shida ya moyo. Tuliiacha metoklopramidi, na baada ya siku chache baba akarudi.

Nataka mtulie hapa kidogo, maana hapa ndipo penye barua yangu. Hakuna aliyefanya ubaya. Dawa zote mbili ni nzuri na zote zina kibali. Anayetapika amepewa dawa ya kutapika. Kilichokosekana ni sentensi moja ya Kiswahili juu ya bahasha. Na yupo ndugu mkubwa wa metoklopramidi, haloperidoli, inayotumika kwa wagonjwa wa akili. Kwa mgonjwa anayeihitaji inaokoa, ila inaweza kumtia mtu asiye na ugonjwa huu kutetemeka na kukaza kama mwenye Parkinson, na kwa mwenye Parkinson ni petroli juu ya moto. Sasa fikirini mzee kama baba apelekwe usiku mahali asikojulikana, anaona vitu visivyokuwapo, na zamu ina mtu mmoja. Atachomwa sindano ipi?

Nimetaja kuona vitu kwa sababu yalitufika. Kutetemeka kulipobaki, aliongezewa benzheksoli, ambayo wengi wanaiita kwa jina la Artane. Baada ya mwezi baba akawa anatuambia jioni kuna watoto wamekaa chini ya mkorosho wa uani, wamevaa sare za shule, hawasemi. Hakuwaogopa. Aliwaonea huruma kwamba usiku umeingia na kwao hawaendi. Ndugu walisema majini, tukamwita shehe akaja akasoma, na mimi nilisema amina kwa moyo wote. Halafu nikapiga simu. Kumbe dawa hiyo kwa wazee hukausha mdomo, hufunga choo na mkojo, huvuruga kumbukumbu, na huweza kumwonyesha mtu vitu; levodopa nayo huweza. Benzheksoli ilipunguzwa polepole mpaka ikaachwa. Watoto wakaondoka mmoja mmoja, na kuna jioni baba aliniuliza wameenda wapi.

Mambo yangu mwenyewe nitayasema kwa ufupi, ingawa hayakuwa mafupi. Mama alipofariki nilikuwa siwezi kulala. Moyo unaenda mbio saa nane za usiku, mikono ina jasho, nahisi nakufa. Asubuhi nimekaa mezani nahesabu magunia na machozi yanadondokea kwenye leja. Hospitali waliniambia nina sonona na wasiwasi, nikapewa amitriptilini. Kinywa kilikauka mpaka ulimi ukawa unanata, nikawa nakunywa maji kutwa, choo hakuna, asubuhi kichwa kizito. Kwetu mtu anayekunywa maji hivyo tunajua ana sukari. Nikaamini nina sukari na nimefichwa. Nikaacha dawa siku ya tisa. Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba ukavu huo ni wa dawa, kwamba mara nyingi hupungua, na kwamba dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla moyo haujaanza kuona nafuu. Kwa hiyo mgonjwa hupata tabu kwanza, nafuu baadaye. Asipoambiwa ataacha katikati, na nani atamlaumu?

Nilipoacha nilikwenda dukani, nikanunua Valium, ndiyo diazepamu ileile iliyomwangusha baba. Sikuulizwa cheti. Nililala vizuri kwa miezi mitano, na mwezi wa sita nikagundua sasa silali bila hiyo. Nilipojaribu kuacha kwa siku moja nilitetemeka kuliko baba. Daktari aliniambia nilikuwa na bahati, maana wapo wanaokatiza ghafla wakapata degedege. Alinipunguzia robo kwa robo kwa wiki nyingi, kisha akanianzishia fluoksetini. Nayo ilinisumbua tumbo na usingizi mwanzoni, na ikaleta shida ya chumbani ambayo mume wangu alidhani ni jambo jingine kabisa. Lakini safari hii niliambiwa mapema. Daktari alikaa nami dakika kumi. Dakika hizo kumi ndizo zilizonifanya nivumilie, na leo nahesabu magunia bila machozi.

Najua jibu lenu, kwa sababu nesi mmoja alinipa. Alisema: tukiwatajia watu madhara yote wataogopa, hawatameza. Ninamheshimu, siku hiyo foleni yake ilikuwa imefika getini na alikuwa peke yake tangu alfajiri. Lakini mimi niliogopa kwa sababu sikutajiwa. Mtu wa Newala haogopi dawa chungu. Anaogopa kitu kinachomtokea mwilini bila jina, na kisipopewa jina na hospitali, mtaani kuna majina tele ya kukipa: kurogwa, majini, sukari, ukimwi.

Mtasema tena kuwa maelezo yamo ndani ya boksi. Ni kweli yamo, kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo kama mbegu za ufuta. Halafu vidonge vyetu vingi huhesabiwa kutoka kwenye kopo kubwa, na ile karatasi inabaki huko na kopo. Bunge lilibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, na kila Julai 7 tunavaa khanga na kuhutubia Siku ya Kiswahili Duniani. Mtu akishtakiwa kwa kuiba kuku atasomewa shtaka kwa lugha anayoielewa. Mwenye sonona ana haki hiyohiyo juu ya kidonge chake.

Jambo la pili ni upatikanaji, na hili ni lenu watu wa Bohari zaidi. Levodopa ya baba hatujawahi kuipata mfululizo huku. Inatoka Dar es Salaam kwa basi, imefungwa kwenye mfuko wa kaki, kondakta anakabidhiwa namba ya simu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, maji yalikata barabara ya Kusini huko Somanga, Kilwa, na mabasi yakakwama pande zote. Mfuko wetu ulikuwa ng'ambo ya maji. Wengine walikuwa wanalalamikia bei ya nyanya na mafuta. Mimi nilikuwa nakata vidonge nusu. Dawa hii haikatizwi ghafla. Ikikatika, mtu anaweza kukaza mwili mzima, akapandwa na homa kali na kuchanganyikiwa, na wengine hufa. Baba alikaza, hakupata homa. Alilala siku mbili macho wazi, nikimlisha uji kwa kijiko, mpaka jamaa mmoja wa Lindi alipotukopesha vidonge vya mama yake.

Ndiyo, wapo wengine. Tumejikuta watu saba kwenye kundi la simu, kutoka Masasi, Tandahimba, Nachingwea na Lindi mjini, na kazi yetu kubwa ni kukopeshana. Utafiti uliofanywa wilaya ya Hai kule Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2008, watu wakipita nyumba kwa nyumba, ulikuta wagonjwa 33 wa Parkinson, na zaidi ya robo tatu yao walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini. Hai iko karibu na hospitali kubwa ya KCMC. Sisi tuko kilometa zaidi ya 500 kutoka Muhimbili. Walionuna na wanaosingiziwa uraka huku kwetu ni wangapi?

Kuna jambo linanichekesha kwa uchungu. Upupu huu unaotuwasha tukipita vichakani, mbegu zake zina levodopa. Si hadithi, ni mmea uliochunguzwa na wanasayansi. Nilipolisikia hilo nilitaka kwenda kuchuma. Mfamasia akanizuia: hujui mbegu moja ina kiasi gani, haina kabidopa ndani, na ukimpa juu ya vidonge utakuwa umemzidishia. Nilimsikiliza. Lakini wakati wa Hidaya nilikaa nautazama upupu ulioota nyuma ya ghala, na siwezi kuwaambieni kwamba sikushawishika.

Ninachoomba si majengo. Majengo tunayaona, na Hospitali ya Kanda ya Kusini pale Mitengo tunaishukuru. Naomba levodopa iwepo muda wote walau kwenye hospitali za rufaa za mikoa yetu miwili. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, pamoja na amitriptilini na fluoksetini, kwa hiyo si anasa ninayoomba. Naomba maduka ya dawa yabanwe kwa Valium kama wanavyobanwa wanunuzi wa kangomba, wale wa korosho za magendo. Naomba Mamlaka ya Dawa, ambayo ina fomu za kutoa taarifa za madhara, izilete dirishani, kwa sababu mambo yote niliyoyasimulia hapa hayakuandikwa popote na mtu yeyote. Nikimwambia nesi "dawa imemfanya hivi" na yeye akasema "pole, iache", taarifa imekufa hapo.

Na naomba bahasha. Hii nimeiandika mwenyewe, kwa msaada wa yule daktari, na imebandikwa kwa gundi nyuma ya bahasha ya baba:

"Dawa hii inalegeza mwili uliokaza na kupunguza kutetemeka. Meza nusu saa kabla ya kula. Ukiimeza pamoja na samaki, nyama, maharage au mbaazi, inaweza isifanye kazi vizuri. Siku za mwanzo inaweza kukutia kichefuchefu. Usisimame ghafla, keti kwanza ukingoni mwa kitanda, maana inashusha presha. Ukianza kuona watu wasiokuwapo, au mwili ukichezacheza wenyewe, rudi kwa daktari. Usiache ghafla. Ukienda hospitali nyingine, onyesha karatasi hii kabla hujapewa dawa ya kutapika, ya usingizi au ya akili."

Imeenea kwenye karatasi yenye ukubwa wa stakabadhi. Stationari ya hapa Newala ilinitolea nakala 20 na haikuchukua muda. Iko wazi, ichukueni, irekebisheni, wekeni nembo ya taifa juu yake. Ya fluoksetini bado naiandika. Ninataka iwe na mstari kwa ajili ya wazazi wa vijana, kwamba wiki za kwanza wamwangalie mtoto kwa karibu na wakimsikia anazungumzia kufa wasingoje tarehe ya kliniki. Marekani wanalazimisha onyo la namna hiyo kwenye dawa hizi tangu 2004. Huku nimeona kijana wa jirani akikabidhiwa bahasha ya 1x1.

Nimehesabu asubuhi hii. Baba ana vidonge 41. Kwa mara tatu kwa siku ni siku 13, na vinabaki 2.

Wenu,
Karani wa mizani, Newala